Taa zilizong'arishwa mara mbili zikarudi njano: uchambuzi wa kisa cha gari moja

Malalamiko yenyewe yalikuwa mafupi: usiku, hasa mvua ikinyesha, haoni barabara. Mwenye gari ni muuguzi aliyebakiza miaka michache kustaafu, anafanya zamu za usiku, kwa hiyo safari zake nyingi zinaanza au kuishia gizani. Gari ni saluni ndogo ya mwaka 2009. Injini nzima, bodi nzuri kwa umri wake. Ila taa za mbele zilikuwa zimegeuka njano na kufunga ukungu, na plastiki nyeusi za bampa, za saitimira na za chini ya waipa zilikuwa zimepauka hadi kuwa kijivu. Kona ya kushoto ya bampa ilikuwa na mchubuko mrefu, alama ya kukwangua ukuta.

Magari ya namna hii yapo mengi. Kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa sababu ya historia yake, maana taa zile zilikuwa zimeshang'arishwa mara mbili. Mara ya kwanza kijana wa nyumbani alizisugua kwa dawa ya meno. Zikapendeza na zikakaa miezi kadhaa. Mara ya pili mwosha magari alizipiga polishi kwa mashine. Zikang'aa kuliko ile mara ya kwanza, lakini njano ikarudi mapema zaidi, na ikarudi nzito. Baada ya hapo fundi mmoja akamshauri aweke balbu zenye nguvu kubwa. Akaweka.

"Mwanangu, zinawaka kweli," aliniambia, "lakini mwanga unabaki palepale kwenye kioo. Halafu wenzangu wananipiga fulu kila tukipishana, wakati mimi nimewasha dim."

Nilimwambia, "Mama, hapo umeshanimalizia nusu ya kazi ya kuchunguza." Alichokisema ndicho hasa kinachotokea. Lenzi, yaani kifuniko angavu cha mbele ya taa, ikiwa na ukungu hupunguza mwanga, na ule unaopita huutawanya kila upande. Taa ya dim imeundwa ili juu ya usawa fulani kuwe na giza, dereva anayekuja asiumizwe macho. Mwanga ukigonga lenzi iliyochakaa unatawanyika, mwingine unapanda juu na kumwingia mwenzako machoni, huku lami iliyo mbele yako ikikosa. Ukiongeza nguvu ya balbu nyuma ya lenzi hiyo umeongeza kero kwa wengine, na wewe huoni faida. Mwaka 2018 shirika la waendesha magari la Marekani, AAA, lilitoa matokeo ya vipimo vya taa zilizochakaa hivyo, likaeleza kuwa zilikuwa zinatoa karibu asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Kwa mtu anayerudi nyumbani saa tisa usiku, hilo ni suala la uhai, wala tusilihesabu kama urembo wa gari.

Kabla ya kushika msasa

Kipimo cha kwanza ni maji, na hakigharimu chochote. Mwagia lenzi maji, itazame ingali imelowa. Ukungu ukipotea wakati wa maji na kurudi uso ukikauka, ubovu uko nje: maji yamejaza vijishimo na mikwaruzo ya juu, mwanga ukapita bila kutawanyika. Ukungu ukibaki vilevile, ubovu uko ndani ya taa au ndani ya plastiki yenyewe, na msasa hautaufikia.

Taa ya kulia ilifunguka karibu yote ilipolowa. Ya kushoto ilifunguka sehemu kubwa, lakini juu, karibu na boneti, kulibaki eneo lenye nyufa ndogondogo mno, nyembamba kuliko unywele, ambazo zilimetameta nilipozimulika kwa tochi kutoka pembeni. Ukipitisha ukucha husikii kitu. Hizo ni nyufa zilizo ndani ya plastiki yenyewe. Nilimweleza mwenye gari palepale, kabla ya kuanza, kwamba eneo lile halitarudi. Ni vizuri mtu asikie hilo mapema.

Kisha nilitoa balbu na kuchungulia ndani. Sahani inayorudisha mwanga ilikuwa bado inang'aa kama kioo, haijaungua wala kubabuka. Kama ingekuwa imepauka, kazi yote ya nje ingekuwa bure. Ila soketi za balbu zilikuwa zimeanza kuwa kahawia kwa joto, na plastiki yake imekauka. Taa hizi zimetengenezwa kwa balbu ya wati 60 kwa fulu na 55 kwa dim. Zile alizouziwa zilikuwa na wati nyingi zaidi, na joto lililozidi lilikuwa linapika soketi na waya. Tukarudisha za kawaida. Nilipima pia volti kwenye plagi ya balbu injini ikiwa inawaka, nikailinganisha na ya betri. Zilikaribiana. Watu hawapimi hili, nao wangepaswa kulipima: balbu ya halojeni ikipungukiwa volti kwa asilimia 5 tu hupoteza karibu asilimia 15 ya mwanga wake, hivyo waya iliyoliwa na kutu inaweza kukufanya uilaumu lenzi isiyo na kosa kubwa.

Swali moja lilibaki: kwa nini ya kushoto imeumia kuliko ya kulia? Jibu lilikuwa kwenye maegesho. Mama huyu analala mchana baada ya zamu, na gari linakaa nje nafasi ileile, upande wa kushoto ukitazama jua tangu asubuhi hadi alasiri. Kulia kuna ukuta.

Kilichoifanya njano irudi haraka

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Zamani taa za mbele zilikuwa za kioo halisi. Marekani iliruhusu taa za plastiki zenye balbu ya kubadilisha mwaka 1983, na Lincoln Continental Mark VII ya mwaka 1984 ikawa gari la kwanza kuuzwa huko likiwa nazo. Sasa karibu kila gari lina lenzi ya polikaboneti. Plastiki hii ina sifa kubwa: ni nyepesi, inafinyangwa umbo lolote, na jiwe la barabarani linaigonga bila kuipasua. Ina udhaifu wa aina mbili pia. Uso wake ni laini, unakwaruzika upesi; na miale ya jua ya urujuanimno inaivunjavunja na kuigeuza njano.

Watengenezaji wanalijua hilo. Kwa hiyo kila lenzi hutoka kiwandani ikiwa imepakwa utando mgumu usioonekana, mwembamba sana, wa kupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Utando huo ndio unaozuia mikwaruzo na kuchuja miale. Polikaboneti iliyo chini yake haikuundwa ikae uchi juani.

Miaka inavyokwenda, jua, mchanga, sabuni kali na vitambaa vichafu vinaula utando. Hufa kwanza sehemu ya juu ya taa, ambako jua linapiga wima, kisha unashuka. Ukungu unaouona mwanzoni mara nyingi ni utando wenyewe unaokufa: unapasuka, unabanduka vipande vipande, unaacha visiwa. Pale ulipokwisha, miale inaifikia plastiki, na uso wa plastiki unaanza kuwa njano. Bahati ni kwamba njano hiyo haizami. Tabaka la juu lililoharibika linanyonya miale mingi kabla haijafika chini, ndiyo maana ukiliondoa unakuta plastiki safi.

Sasa turudi kwenye dawa ya meno. Ndani yake kuna chembechembe za kusugua. Zinakwangua uso, zinaondoa sehemu ya njano, na pia zinaondoa utando uliobaki. Mara ya kwanza bado kulikuwa na utando katika sehemu kubwa ya lenzi, ukaendelea kukinga miezi ile. Mashine ya polishi ya mara ya pili ikaumaliza karibu wote. Taa ikang'aa vizuri sana, ikiwa uchi. Ni sawa na kung'oa paa bovu, ukasafisha kuta na kuzipaka rangi, halafu ukaiacha nyumba wazi masika yaingie.

Kwa hiyo msimamo wangu uko wazi: kung'arisha ni nusu ya kazi, na kwa umuhimu ni nusu ndogo. Asiyerudisha kinga baada ya kung'arisha anafupisha maisha ya lenzi, hata kama siku ile kila mtu anamsifu. Nta ya gari haitoshi hapo. Inatoka baada ya kuosha mara chache. Zipo pia dawa za mitaani zilizo mbaya zaidi. Dawa ya mbu ya kupaka yenye DEET inaifanya taa iwe angavu mbele ya macho yako kwa sababu inayeyusha uso wa plastiki. Asetoni nayo hivyohivyo. Uso uliolainishwa namna hiyo unabaki dhaifu, unanasa vumbi, na nyufa zinafuata. Nyufa za aina ile niliyoikuta kushoto juu hazina dawa, kwa hiyo yeyote anayekupa ushauri huo mkatalie kwa heshima.

Kusugua

Tulianza kwa kuosha. Kisha tepu ya karatasi kuzunguka taa, matabaka mawili kwenye ukingo wa boneti na bawa, maana kiganja kikiteleza na msasa mara moja tu, rangi ya gari imekwisha.

Msasa ni wa maji, na usikauke hata kidogo: ndoo yenye maji na tone la sabuni ya maji, na chupa ya kunyunyizia. Namba ya msasa ikiwa ndogo, msasa ni mkali; ya kuanzia ni uamuzi wa fundi kwa kutazama hali. Kanuni ninayoifuata ni kuanza na msasa laini kadiri inavyowezekana ilimradi uuondoe utando wa zamani kweli. Kulia 800 ilitosha. Kushoto 800 ilikuwa inateleza tu juu ya visiwa vya utando bila kuving'oa, nikashuka hadi 600.

Tazama maji yanayotiririka, yanasema mengi. Mwanzoni yanatoka mazito, ya rangi ya njano iliyochafuka. Ukiendelea yanakuwa meupe na mepesi. Hapo umeanza kukata plastiki nzima. Lakini usiyaamini maji peke yake. Kausha lenzi kabisa, iinamie, itazame kwa pembe. Utando uliobaki unaonekana kama viraka vinavyong'aa, vyenye kingo kali, katikati ya uso uliofifia. Kushoto chini, kwenye mkunjo wa lenzi, kulikuwa na kiraka kimoja chenye umbo la jani refu. Ukipitisha ukucha pembeni yake unasikia kigingi kidogo, kijipandio cha utando. Kiraka kama hicho ukikiacha, kinga mpya itakaa juu yake, na utando ule wa zamani utakapobanduka utaondoka nayo. Sugua mpaka uso wote uwe na ufifi wa aina moja.

Hatua hii inatisha. Taa inakuwa nyeupe kabisa, mbaya kuliko ilivyokuja. Mwenye gari alitoka nje, akaiona, akashika kinywa. "Mwanangu, si umeniulia taa!" Nikachukua chupa, nikainyunyizia maji, ikafunguka hadi balbu ikaonekana. Akavuta kiti akakaa kutazama.

Baada ya namba ya kwanza mambo yanakwenda upesi: 1000, 1500, 2000, 3000. Kila namba badili mwelekeo. Nilisugua 600 kwa ulalo, 1000 kwa wima, 1500 kwa ulalo tena, ili mikwaruzo ya namba iliyotangulia ionekane ikikatiza ya sasa. Ikishatoweka yote ndipo uende mbele. Anayeruka namba au kuharakisha ya kwanza atakutana na mistari ile baadaye, kinga ikishapakwa, na hakuna polishi itakayoifuta. Sugua ukiwa umeuzungushia msasa kipande cha sponji. Vidole vitupu vinachimba mifereji. Na zile nukta ndogo na maandishi yaliyofinyangwa kwenye lenzi, vizunguke. Mojawapo ni alama ya kupangia taa.

Maji yaliyokataa kutandaa

Kabla ya kupaka kinga nina kipimo kimoja ambacho sikiachi. Lenzi ikishasuguliwa, ikafutwa kwa spiriti safi na ikakauka, nainyunyizia maji safi. Kwenye uso uliosuguliwa na kusafishwa maji hutandaa kama shuka moja. Palipo na mafuta, shuka inachanika na maji yanajikusanya matone.

Taa ya kulia, kona ya chini ya nje, yalijikusanya. Mahali penyewe pana ukubwa wa kucha mbili hivi, panapopakana na plastiki nyeusi ya bampa. Chanzo kilikuwa palepale: kila gari hili lilipooshwa, plastiki zake zilipakwa ile dawa ya kung'arisha yenye silikoni, mtindo wa kuzifanya zionekane mpya hadi mvua ijayo. Silikoni ilikuwa imeingia kwenye vinyweleo vya bampa, na maji ya kusugulia yalikuwa yanaibeba kidogokidogo kwenye lenzi. Kinga inayopakwa juu ya silikoni inajitenga na kuacha vijicho vya mviringo, na baadaye inabanduka kuanzia hapo.

Hili ndilo lililonilazimisha kupanga upya kazi yote ya gari hili. Plastiki nyeusi zikaoshwa kwanza, kwa sabuni ya kuondoa mafuta na brashi, tena na tena hadi povu likatoka jeupe na maji yakaacha kuteleza juu yake. Tepu ya zamani ikatupwa, ikawekwa mpya. Kona ile nikaisugua tena kwa 3000, nikaifuta kwa spiriti, kitambaa kipya kila mara na mwelekeo mmoja, kutoka katikati ya lenzi kwenda nje. Maji yakatandaa. Wengi wanaoshughulikia taa na plastiki za gari moja huanza kwa kupaka plastiki dawa kwa sababu ni kazi rahisi. Kwa maoni yangu dawa yoyote ya plastiki ifungwe kabatini hadi taa zikauke kabisa.

Kuhusu kinga yenyewe, inayodumu zaidi ni klia (mpako angavu usio na rangi) ya kupuliza inayochanganywa na hadena (kigumisho), kama ile ya bodi za magari, ilimradi iwe na uwezo wa kuzuia urujuanimno. Inajaza mikwaruzo midogo, kwa hiyo unaweza kuishia 1000 au 1500 na isihitaji polishi. Nyumbani sikuitumia. Hadena yake ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo ukizivuta zinaweza kukuachia pumu ya kudumu, na barakoa ya vumbi haizizuii. Ua ule una wajukuu wanaokimbia huku na huko. Nilichagua kinga ya kupaka kwa kitambaa, iliyotengenezwa kwa ajili ya lenzi za taa, inayotaka uso ulioishia 3000 bila polishi ili ipate pa kushika. Haitadumu kama klia, lakini kuirudia ni kazi ndogo. Vanishi ya mbao au klia ya kawaida isiyo na kizuizi cha miale usiijaribu: nayo inakuwa njano, na thina yake inaweza kuipasua polikaboneti.

Upakaji ni kivulini, lenzi ikiwa baridi na kavu. Mpako mmoja mrefu kutoka ukingo hadi ukingo, wa pili unapanda kidogo juu ya wa kwanza, na usirudi nyuma hata ukiona kasoro. Kinga inaanza kushika ndani ya muda mfupi. Ukiigusa tena unaichana. Ule weupe wa msasa ulitoweka kwa kila mpako uliopita, mwenye gari akishuhudia. Baada ya hapo gari lilikaa bila kuguswa na maji kwa siku nzima.

Plastiki nyeusi na mchubuko wa bampa

Plastiki hizi si polikaboneti. Nyingi ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, na weusi wake uko ndani, si rangi iliyopakwa. Jua likiuvunja uso unabaki unga na vijishimo, mwanga unatawanyika, jicho linaona kijivu. Kipimo ni kilekile cha maji: ikilowa ikawa nyeusi, weusi bado upo chini. Ndiyo maana mafuta ya aina yoyote yanaifanya iwe nyeusi, na ndiyo maana weusi huo unaondoka na mafuta.

Kuna wanaotumia mashine ya kupuliza hewa moto. Uso unayeyuka kidogo, unajilaza, weusi unarudi mbele ya macho. Inafanya kazi kweli. Lakini polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za Selisiasi na mashine hiyo inapuliza hewa ya nyuzi mamia kadhaa. Ukisita mahali pamoja umepoteza vinyweleo vya plastiki na kubakiza doa linalong'aa. Na sababu kubwa ya kutoipaka gari zima joto ni ileile ya dawa ya meno: unarudisha sura bila kurudisha kinga. Plastiki zilizopauka nilizipaka kinga maalumu ya plastiki za nje, inayokauka ikashika, nikiisukuma ndani ya vinyweleo kwa sponji na kufuta ziada kabla haijakauka. Za chini ya waipa zilikunywa mara mbili. Kuzipaka rangi ya kawaida ya kupuliza nilikataa, maana rangi haishiki kwenye polipropilini bila praima ya kushikisha, na hata ikishika, jiwe la kwanza linaibandua.

Mchubuko wa kona uliniweka muda mrefu kuliko plastiki nyingine zote. Kwa mbali ulikuwa alama moja nyeupe. Nilipopiga magoti na kuumulika niliona ni vitu vitatu vilivyolaliana. Kwanza, rangi ya ukuta iliyoachwa juu ya plastiki. Hiyo ilitoka kwa spiriti na sponji nyeupe ya kusugulia, kwa mkono mwepesi. Chini yake kulikuwa na nywelenywele za plastiki, vijinyuzi vilivyochunwa na ukuta vikasimama. Hizo hazivutwi, zinakatwa kwa wembe mpya ulioinamishwa, ukikata kwa kufuata mkwaruzo. Mwisho ilikuwa mifereji yenyewe, ambayo chini yake plastiki ilikuwa nyeupe kwa kuvutwa. Hapo ndipo nilipotumia hewa moto, kwa umbali, mkono ukizunguka bila kusimama, na weupe ukazama ukawa weusi, mfereji mmoja baada ya mwingine. Mifereji yenyewe ilibaki. Ukijua ilipo utaiona, anayepita haioni.

Msasa sikuugusisha pale. Plastiki yenye vinyweleo ukiisugua inakuwa laini na inang'aa, na doa laini linaonekana kuliko mchubuko.

Hali ilivyo sasa

Tulisubiri usiku, tukaegesha mbele ya ukuta na kuwasha dim, balbu zikiwa zile za kawaida. Mstari wa kukatia mwanga ulirudi, mkali upande wa kulia, na juu yake giza. Ulikuwa chini kidogo ya unavyotakiwa, tukaupandisha kwa skrubu ya nyuma ya taa. Hatua hii wengi wanaisahau: lenzi yenye ukungu ilikuwa inaficha kwamba taa hazijapangwa, na lenzi safi iliyopangwa vibaya inaweza kumpofua mwenzako kuliko ile chafu. Upande wa kushoto mstari upo, ila sehemu ya juu yenye nyufa bado inatawanya mwanga kiasi. Amekwisha kuendesha kwenye mvua, na ananiambia sasa anaona ukingo wa lami na hakuna tena anayempigia fulu.

Katika vipimo vile vya AAA, taa zilizosuguliwa zilirudi hadi karibu asilimia 70 ya mwanga wa mpya, na waliobadilisha kwa taa halisi za mtengenezaji walipata wote. Kwa taa ya kulia hesabu hiyo inaridhisha. Ya kushoto haifiki huko na haitafika, nami nimemshauri aweke akiba ya kuinunua nzima, halisi, ikiwezekana kabla ya masika yajayo. Taa mpya ikifika ipakwe kinga tangu siku ya kwanza, na gari ligeuzwe maegesho mara kwa mara ili jua lisile upande mmoja.

Ya kulia aiangalie kila anapoosha. Akiona maji hayateremki tena vizuri kwenye sehemu ya juu ya lenzi, au uso umeanza kupoteza mng'ao, asingoje njano: kuosha, 3000 kidogo, spiriti, kinga mpya. Ni kazi ya asubuhi moja, na plastiki iliyo chini haipungui. Dawa ya silikoni nimemwomba amkataze mwosha magari kabisa, angalau kwenye bampa la mbele. Amesema atamwambia yeye mwenyewe.